Filamu Iliyopita Bariere

Wiki iliyopita, karibu na Kalembe, watu wenye bunduki walisimamisha lori letu kwenye bariere, kizuizi chao cha barabarani. Mmoja akamnyang'anya telefoni dada aliyekaa kando yangu. Dada huyo huandika filamu za vipande vipande, huzipiga kwa telefoni hiyohiyo na kuzitia kwenye intaneti. Kipande kipya, alichokipiga huku akikimbia vita, kilikuwa humo tu.

"Humu muko nini?"

"Filamu yangu, papa. Angalia."

Akaangalia akiwa amesimama. Mara akacheka, akaita wenzake, vichwa vikagusana. Kipande kikaishia pale mke aliyemwacha mumewe anaposhika kitasa cha mlango wa nyumba yao.

"Atarudilia bwana yake, ao hapana?"

Dada akanyoosha mkono, kiganja wazi. "Siyaandika bado. Mukibeba telefone, hata mie sitajua."

Wakatazamana. Yule mtu akaifuta telefoni kwenye shati lake, akairudisha kwa mikono miwili. "Andika mbio, mama."

Lori lilipoondoka tulipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Nimeona karatasi za safari zenye mihuri mingi zikichanwa kwenye bariere ile. Hadithi isiyokwisha ilipita bila kuulizwa muhuri.