Mjomba Aliniuliza Jina Langu Mbele ya Kijiji

Mjomba wangu, tumbo moja na mama yangu, aliniangalia usoni mbele ya kijiji kizima akaniuliza, "Samahani baba, jina lako nani?"

Hakuwa amechanganyikiwa. Macho yake mazima. Na hakuwa amenisahau.

Subirini niwaeleze, maana hata sasa uso unaniwaka.

Mimi naitwa Ashiru. Nina duka la vifaa vya ujenzi Masasi mjini, barabara ya kwenda Ndanda. Maisha si haba. Vijana wa stendi wananiita Bosi Bati, na sijawahi kuwakataza.

Mwaka jana taasisi moja ilianza kuwajengea nyumba wazee wasiojiweza huko juu Newala. Nyumba ndogo ya matofali, na tangi la kukinga maji ya mvua, maana kule juu maji ni shughuli. Nikajitolea mabati ya nyumba moja.

Msinielewe vibaya, moyo ulikuwa safi. Safi kiasi. Nilijua pia kwamba nitapigwa picha.

Msimamizi wa mradi alikuwa dada mmoja wa Arusha, Lois. Sharti lake lilikuwa moja tu: nyumba anapewa mzee asiye na mtu wa kumtunza. Ikigundulika ana ndugu mwenye uwezo, nyumba inahamishiwa mwingine.

Nikalisifia mno. "Safi kabisa, dada Lois. Watu wa huku wajanja. Ndugu zao wana maduka, wao wanalilia msaada."

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu.

Siku ya kukabidhi nikavaa kanzu mpya, nikapanda mlima. Kijiji chenyewe sikuwahi kukikanyaga. Mzee mwenyewe hata jina sikuuliza, niliambiwa tu kafiwa na mke na anaishi kwenye jiko la kuazima.

Turubai lilikuwa limeshafungwa, kina mama wanaimba. Lois akanipa kipaza sauti.

Hapo ndipo nilipojimaliza.

"Ndugu zangu," nikaanza, "jamii inayowatupa wazee wake haina baraka. Mzee huyu kalea watu. Wako wapi leo?"

Makofi yakapigwa, ila machache. Kina mama wa mbele wakaangaliana. Mmoja akafunika mdomo kwa kanga. Mimi nikadhani maneno yamewaingia, nikaongeza sauti.

Kisha Lois akamwita mwenye nyumba. "Mzee Abdulrazaki, karibu mbele."

Nikajiambia, kina Abdulrazaki ni wengi.

Akatokea nyuma ya nyumba, taratibu, na mkongojo. Amekonda. Amevaa koti la kahawia ambalo nilimpelekea mimi mwaka niliofungua duka.

Nikashusha kipaza sauti.

Kwa wasiojua, huku kwetu ukoo unafuata mama. Mtoto ni wa mjomba wake. Huyu ndiye aliyenitia jandoni. Nilipougua utotoni, ndiye aliyenishusha mlima mpaka hospitali ya misheni Ndanda, akalala nje ya wodi. Yeye hakujaliwa kuzaa. Kwa hiyo mtu wake ni mimi, na kila aliyekaa chini ya turubai lile alilijua hilo. Asiyejua alikuwa Lois peke yake.

Na huku mwanaume ndiye anayehamia kwa mke. Mke akifa, anarudi kwao. Mjomba alipofiwa, nilituma rambirambi kwa simu nikasema nakuja. Msimu wa korosho ukaingia, duka likachanganya, sikwenda. Sikuuliza hata amerudi wapi, wakati nyumba ya ukoo ilishaanguka na wa kuiinua ni mimi. Kumbe alihifadhiwa hapa, kijiji jirani na kwetu.

Sasa nimesimama mbele yake, na ufunguo wa nyumba alionipa Lois nimkabidhi.

Nikafungua mdomo. "Mjo..."

Akaniwahi.

"Samahani baba, jina lako nani? Nataka nikutaje kwenye dua."

Akanyoosha mkono kupokea ufunguo.

"Ashiru," nikasema.

"Ashiru. Mungu akuzidishie, mwanangu. Waliokulea, wamelea."

Lois akafuta machozi. Akatuambia tushikane mikono tuangalie kamera. Mkono wa mjomba ulikuwa umetulia.

Wageni walipoondoka nilijidai gari linasumbua, nikabaki. Nikamfuata uani, nikapiga magoti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Inuka, unachafua kanzu."

"Mjomba, mbona umenikana?"

"Nimekukana mimi?"

Nikajipangusa vumbi kwenye kanzu.

"Yule binti aliniuliza kama nina mtoto," akasema. "Nikamwambia sikujaliwa. Akaniuliza kama nina mtu mwingine yeyote. Nikanyamaza. Ningesema ninaye, angeniuliza yuko wapi."

Nikaanza kulia, mtu mzima na ndevu zangu. Nikamwambia nyumba hii apewe mwingine, mimi nitamjengea kubwa kuliko hii.

"Lini?" akauliza.

Hakuuliza kwa kejeli. Alitaka kujua kweli, na mimi sikuweza kutaja siku.

"Basi niache nilale humu," akasema. "Mvua zinakuja."

Akaingia ndani, akafunga mlango polepole.

Mama Faudhia, mwenye lile jiko la kuazima, alikuwa anakusanya viti. Akanisogelea.

"Baba, tulikuwa tumejipanga kukuumbua leo, kijiji kizima. Tulishasikia mfadhili ni nani. Huyu mzee kapita nyumba kwa nyumba na mkongojo wake anatuomba tusikutaje. Kasema akijulikana ana mpwa, nyumba itapotea."

Akabeba viti vyake. Alipofika mbele kidogo akageuka.

"Lakini jana nilimsikia anaswali. Hakuomba nyumba. Aliomba wewe usiaibike."

Lois mpaka leo sijamwambia. Nikisema, mzee anatolewa. Nisiposema, naendelea kuitwa mfadhili. Picha yetu imewekwa kwenye ukurasa wa taasisi, na watu wanaandika chini yake, "Mungu akubariki kaka Ashiru." Nayasoma yote.

Siku hizi napanda mlima kila Ijumaa. Nampelekea unga, namchotea maji, tunakaa. Mbele za watu bado ananiita mgeni.

Wewe unayesoma hii, kama yupo mzee aliyekulea, nenda. Usipige simu, nenda. Maana ipo siku mgeni atamuuliza kama ana mtu, na mzee wako atanyamaza ili akufichie aibu.