Panya Aliyeiba Sabuni ya Idi

Gari la sinema likija Bagamoyo, shuka jeupe hutundikwa katikati ya uwanja. Wanaume hukaa mbele, wanawake nyuma yake, maana shuka lenyewe jepesi na picha hupenya upande wa pili. Kabla ya mambo ya choo bora na mbolea huonyeshwa katuni, ya kutunyamazisha.

Nilipokuwa mdogo nilikaa nyuma, mapajani mwa bibi yangu mzaa baba. Katuni ilikuwa moja tu: panya anaiba kipande cheupe sahanini, mpishi mnene anamfukuza na ufagio, panya anatumbukia tunduni. Maneno hayakuwamo, muziki tu. Maneno akayatia bibi.

"Mume wangu, umemwona? Kaiba sabuni! Kesho Idi, na kanzu yake chafu."

"Mbona hana kanzu?"

"Si ndiyo kairoweka!"

Wanawake walicheka hadi wakashikana mabega. Kila gari liliporudi, bibi aliongeza jambo. Mara mpishi akawa mwenye duka mchoyo, mara panya ana mchumba Pangani.

Kisha gari likaacha kuja, miaka mingi. Ramadhani iliyopita bibi akafariki. Mimi, ninayefukuzwa darasani kwa kuchekesha watu, siku ile sikupata mzaha hata mmoja.

Juzi gari limerudi. Nikavaa suruali yangu ya bugaluu, nikakaa mbele na wanaume. Nilijiambia, nikimwona panya nitamsikia bibi. Panya akatokea, akaiba, akakimbilia kulia. Panya wetu hukimbilia kushoto!

"Siye huyu!" nikapiga kelele. "Mmetuletea panya mwingine!"

Uwanja ukacheka. Walidhani ni vituko vyangu vya kila siku. Mwenzangu wa darasani akanivuta shati. "Ni yule yule, bwege wee. Ulikuwa ukimtazama kwa nyuma. Na kile kipande ni jibini, ndugu yangu. Wazungu wanaila."

Nikainuka, nikazunguka shuka mbio. Jirani yetu, mama mmoja aliyezoea kukaa na bibi mkeka mmoja, akanidaka.

"Wee! Ndevu zinakuota, huku wafuata nini?"

"Shikamoo. Namfuata panya."

"Marahaba. Kwani kwenu wamekwisha?"

Wenzake wakaangua kicheko. Yeye akanitazama usoni, akaacha kucheka, akasogea. "Haya, kaa upesi."

Panya alikuwa amebakiza kona moja. Akakimbilia kushoto, kama zamani, akatumbukia. Basi. Kumbe ni kitu kifupi hivyo: mtu mnene, ufagio, tundu. Hata hakichekeshi. Nilingoja mtu aseme neno, hakusema mtu.

"Kaiba nini?" nikamuuliza yule mama.

Alizungusha pindo la khanga yake kidoleni. "Mimi sijui, mwanangu. Bibi yako ndiye aliyekuwa akijua."

Ikaanza picha ya choo bora. Nadhani wilaya nzima ni mimi peke yangu niliyewahi kuililia.