Daftari la Digrii

Akina baba wengine humuuliza mtoto aliye mbali kama amekula. Papa wangu aliuliza digrii.

Kila nilipofika mji mpya na kupata mtandao nilimpigia simu ya video, na kabla hata hatujajuliana hali yeye alikuwa ameshavaa miwani na kushika kalamu ya risasi. "Uko wapi leo, maman? Nipe digrii." Aliniita maman kwa sababu nina jina la mama yake. Nilimsomea namba kutoka kwenye simu, latitudo kwanza, longitudo baadaye, naye akaziandika katika daftari dogo la jalada la buluu. Kisha alikwenda kwenye ramani ya dunia iliyokuwa ukutani sebuleni akachomeka pini. Hapo ndipo aliponiuliza habari za afya. Namba hizo tulizichezea miaka mitatu, na ndizo zilizokuja kumkalisha Papa sakafuni mbele ya watu wenye bunduki. Nasema mapema ili mtu asidhani nasimulia matembezi.

Alifundisha jiografia Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwa zaidi ya miaka thelathini. Vita vya kwanza vilipokuja na vya pili vikafuata, aliendelea kufundisha mito ya Asia katika darasa lisilo na vioo madirishani. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika mbali zaidi ya Kisangani. Dunia aliijua kwa kuikariri, na nadhani ndiyo sababu alinipenda zaidi nilipoanza kuondoka.

Nilikuwa na biashara ndogo ya mtandaoni. Wenye hoteli, nyumba za wageni na kampuni ndogo za utalii walinitumia kurasa zao, nami nikaziandika upya kwa Kifaransa kinachomfanya msomaji atamani kufunga mzigo. Kazi yenyewe inaingia mkobani: laptop, chaja, vifaa vya masikioni, basi. Nikahama nayo. Mombasa, Antananarivo, Dakar, Istanbul. Sitajisifu bure, pasipoti yetu ni ya kusumbua, na nimekaa kwenye viti vya chuma vya viwanja vingi nikisubiri afisa akubali kwamba mwanamke wa Kongo anaweza kusafiri bila kukimbia kitu. Lakini nilijivuna. Wateja wangu walidhani mimi ni mtu wa popote, na mimi pia nilianza kuamini hivyo.

Siku niliyofika Istanbul, Papa aliandika namba, na alipofika kwenye longitudo akaanza kucheka peke yake.

"Vingt-huit, ishirini na nane! Na sisi hapa vingt-huit! Uko juu yangu tu, maman. Tuko ku mustari moja. Shuka tu chini, chini, chini, utafika ku mulango."

Alisimulia jambo hilo parokia nzima.

Nilirudi nyumbani kwa wiki tatu, kwa ajili ya misa ya kumkumbuka mama. Nyumba yetu iko Nguba, kwenye mteremko unaotazama mto Ruzizi, na ng'ambo ya mto ni Rwanda. Kutoka dirishani unauona mnara wao wa simu kilimani. Mtandao wao ulikuwa unatufikia vizuri kuliko wetu, kwa hiyo mtaani kwetu kila mtu alikuwa na laini ya ng'ambo, hata padri, hata yule jirani yetu aliyeitukana Rwanda kila asubuhi huku akitumia mtandao wake. Mimi ndiye niliyemnunulia Papa laini hiyo nilipoanza safari, ili aweze kuniona. Ilikaa ndani ya simu yake. Niliporudi, simu hiyo hiyo ndiyo iliyogawia laptop yangu mtandao, ikiwa juu ya meza ya sebuleni, chini ya ramani.

Jioni ya kwanza Papa alifungua daftari akaandika digrii za nyumba yetu chini ya zile za Istanbul. Akapiga mstari chini yake kwa rula. "Musafiri iko nyumbani," alisema. Nikamcheka.

Kwanza vita vilifika Minova, juu kaskazini mwa ziwa letu. Mama aliyetuletea mboga alisema boti za Minova hazikuja. Siku iliyofuata alisema zimekuja, lakini zimebeba watu badala ya maharagwe. Wiki ile nilikuwa naandika ukurasa wa hoteli ya kando ya ziwa, nchi nyingine, ziwa jingine, na mteja alitaka neno "utulivu" lirudi mara nyingi. Nililirudisha. Halafu Goma ikaanguka mikononi mwa waasi, wale waliosemwa kuwa wanasaidiwa na Rwanda, na Bukavu tukaanza kusalimiana kwa swali moja: wamefika wapi?

Ningeweza kuvuka daraja la Ruzizi siku yoyote na mkoba wangu. Nilimwomba Papa twende wote. Alisema amekwisha kuona vita vya kutosha kutoka kwenye kiti chake, na kwamba dada yake mkubwa, shangazi yangu anayeishi Bagira, hawezi tena kutembea mwendo mrefu. Basi nikabaki. Wateja sikuwaambia kitu, kwa kuwa mteja akisikia neno vita anatafuta mtu mwingine. Kwao nilikuwa bado Istanbul, nakunywa chai.

Mjini vijana wenye bunduki walikuwa wameweka vizuizi. Walisema wanalinda mji, na huenda wengine kati yao walikuwa wanaulinda kweli. Walisimamisha watu, wakaomba simu, wakaifungua nyuma kutazama laini. Jirani yetu, yule wa kutukana, alikuja kwenye ua akaongea kwa sauti ya chini, jambo ambalo si kawaida yake.

"Papa, toa ile puce, ile laini ya Rwanda, mu simu. Kule Kadutu balikamata mutu juu ya ile tu. Banasema batu ya ile puce ndio banatuma position yetu kwa adui."

Mwenyewe alikuwa ameshaitupa yake chooni. Papa akanigeukia. "Tutoe leo, maman."

"Ijumaa, Papa," nikamjibu. "Siku mbili tu. Nikishatuma kazi."

Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata, kurasa arobaini za kampuni moja ya utalii, na mtandao wetu wenyewe ulikuwa umeshaanza kufa na kufufuka. Hayo yote ni kweli. Na bado, nikijisikia nikisema lile "Ijumaa" kwa sauti ya mtu mwenye shughuli, natamani kujizaba kofi. Papa hakubishana. Alikuwa ametumia maisha yake kuwafundisha wengine kuheshimu kazi.

Ijumaa saa nne asubuhi nilituma kurasa zote. Mteja akajibu papo hapo kwamba ameridhika, ila kuna marekebisho madogo, atayaleta mchana. Nikaiacha laini ndani ya simu. Maji ya bomba yalikuwa yametoka baada ya siku tano, nikaenda nyuma ya nyumba kujaza mabidoni.

Nikiwa huko habari zikapita juu ya ua: Kavumu imechukuliwa, uwanja wa ndege umekwisha. Kutoka Kavumu barabara inateremka moja kwa moja hadi Bagira. Papa akatokea pembeni ya nyumba akiwa amevaa koti lake la kufundishia.

"Naenda kumuleta shangazi yako. Siwezi kumuacha kule peke yake."

"Sawa, Papa. Msichelewe."

Sikuinua hata kichwa. Nilikuwa nashindana na maji, yasikatike kabla sijajaza bidoni la mwisho.

Nilirudi kwenye laptop nikakuta mtandao haupo. Nilikasirika. Nikaulaumu mnara, nikaenda dirishani kuutazama; ulikuwa palepale kilimani. Nikalaumu umeme wao. Nikazima laptop, nikaiwasha. Ndipo nikaangalia meza na kuona mahali ambapo simu ilikuwa.

Kila mtu anapotoka huchukua simu yake. Na daftari lilikuwa ndani ya koti, mfuko wa kushoto, linakoishi siku zote.

Nilimpigia kwa simu yangu. Iliita mpaka mwisho. Nilipopiga tena haikuita. Nikatoka mbio na kandambili za kuogea. Maduka yalikuwa yanafungwa, watu wengi wakipanda kuelekea upande mmoja nami nikiteremka upande mwingine, na mama mmoja nisiyemjua alinishika mkono kwa nguvu: "Weye unaenda wapi? Rudia nyumbani!" Nilifika Place, mzunguko wa katikati ya mji, sikuweza kwenda mbele zaidi. Risasi zilikuwa zinalia upande wa Kadutu. Nikarudi, na naona aibu hadi leo kwamba nilirudi.

Shangazi alifikishwa kwetu na kijana wa parokia yake kabla ya giza. Hakuwa amemwona Papa. Kijana huyo ndiye aliyejua. Alikuwa kwenye basi lile lile alilopanda Papa kwenda Bagira. Wote waliteremshwa kwenye kizuizi, simu zikafunguliwa moja moja. Muzee mmoja mwenye miwani alibakizwa.

"Balipata puce," alisema bila kunitazama. "Ile ingepita, pengine. Lakini balipata na kitabu. Namba, namba, namba. Mukubwa yao alisema ni adrese ya kupigia mabomu."

Nilifanya nini? Nilitoa pini kwenye ramani. Nilizitoa zote, Dakar, Mombasa, zote, nikakunja ramani nikaisukuma chini ya godoro, na laptop nikaizika ndani ya gunia la makaa. Nilikuwa nategemea mlango ugongwe wakati wowote, maana mwenye simu amekamatwa na nyumba yake inajulikana mtaa mzima. Shangazi alisali rozari kwa Mashi, lugha ya kwetu, pole pole, na kila alipofika mwisho alinitazama kama anayengoja nimweleze. Sikumweleza. Hakuna aliyegonga. Siku nzima ya pili hakuna aliyegonga, na kutogongwa huko ndiko kulikoniogopesha zaidi, kwa sababu sikuelewa.

Siku ya tatu ilikuwa Jumapili. Vijana wa vizuizi walikuwa wametoweka na wale wengine, waliotoka kaskazini, walikuwa wanaingia mjini kwa mstari. Papa alifika saa ya misa ya pili, kwa miguu, hana miwani, hana koti. Hakuna aliyemsamehe wala kumwombea. Waliomshika waliposikia wenzao wamekimbia, nao walikimbia, na mlango ukabaki wazi. Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimevimba hata hakuweza kushika kikombe. Nilimshikia chai mdomoni.

Alinisimulia kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa. Walimuuliza namba zile ni za nini. Akawafundisha.

"Latitude, longitude. Moja alielewa mbio sana. Angekuwa mu darasa yangu..."

Huyo aliyeelewa upesi ndiye aliyemsumbua. Aliweka kidole kwenye mstari wa mwisho, ule uliopigiwa rula. Hapa ni karibu, muzee. Hapa ni Bukavu. Kuna nini hapa? Na huyu binti unayeandika safari zake, yuko wapi leo?

Mtu aliyewahi kunirudishia kazi ya nyumbani kwa kukosea nusu digrii aliwaambia mahali pale ni katikati ya ziwa, maji matupu. Na binti? Iko Ulaya. Ulaya wapi? Sijui. Walimpiga kwa ajili ya lile "sijui", kwa sababu ni nani anaandika kila hatua ya mtoto wake halafu asijue aliko? Walimpiga vidoleni, na yeye akaendelea kutojua. Mimi nilikuwa Nguba, nusu saa kwa miguu kutoka pale, mezani kwake.

"Ni mimi, Papa," nilimwambia. "Ni ile Ijumaa yangu."

"Ulikuwa na kazi," alisema. Hakusema kwa uchungu, wala kwa kunichoma. Ningependa angenichoma.

Marekebisho ya mteja niliyaona wiki mbili baadaye. Alitaka koma tatu na jina la ufukwe libadilishwe.

Papa ndiye aliyesema niondoke. Ramani hakuirudisha ukutani, na mimi sikuthubutu kuitaja. Ukutani pamebaki mraba mweupe uliotobokatoboka. Nilivuka daraja asubuhi moja na mkoba wangu, nikiwa nimemwachia simu ndogo ya vitufe, ya sauti tu, yenye laini ya kwetu. Shangazi alibaki naye.

Bado nafanya kazi ile ile. Sijui nyingine. Juzi nilifika tena Istanbul, na dirisha la chumba changu, kwa bahati tu, linatazama kusini. Kutwa nilikuwa nikiandaa la kumwambia: vingt-huit, Papa, tuko tena kwenye mstari mmoja, nikishuka tu nitafika mlangoni. Nilipiga. Akapokea shangazi, akampa.

"Papa, nimefika salama. Niko..."

"Usiseme," alinikatiza, kwa haraka ambayo siijui kwake. "Usiniambie uko wapi, maman. Mutu akikuja kuuliza tena, mi niko muzee sasa. Sijui kama nitaweza."

Nilisikia shangazi akisogeza sufuria. Kisha Papa akakohoa, kama mtu anayetafuta la kusema.

"Umekula?" aliniuliza.

Nilikuwa sijala tangu asubuhi. Nikamwambia nimekula.