Kigari changu cha four-wheel hakikuwaka bila watu: yaliyonikuta Bujumbura wakati wa vita

Wakuu, salaam kwenu nyote, hata nyie mnaosoma kimya kimya bila kuchangia.

Kuna kijana huku jukwaani anauliza kama vigari vidogo vya four-wheel, vile vya milango mitatu, vinategemeka. Mmemjibu kuhusu mafuta, shokapu na upatikanaji wa spea. Mko sawa.

Mimi nina jibu langu, ila ni refu na halina raha. Yalinikuta mwenyewe. Sijaongeza chumvi, na kama ningeweza kupunguza ningepunguza.

Jina la kampuni sitalitaja. Gari halikuwa na kosa, na sitaki watu waanze kutukanana hapa chini kama mashabiki wa mpira.

Mimi ni mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura. Wanaoijua Buja wanajua huo ni mtaa wa Waislamu, mafundi na Kiswahili. Nilikuwa na duka la vitambaa mjini. Nilipooa tukahamia Kibenga, kusini, karibu na ziwa, kwa sababu mke wangu Zuhura alikuwa na pumu, na vumbi na moshi wa Buyenzi vilikuwa vinamtesa.

Kibenga kulikuwa na hewa nzuri, hilo silikatai. Shida yake ni kwamba ni tambarare tupu. Msinicheke, mtaelewa mbele.

Kigari nilikipata vita vikiwa vimeshaanza, used, kimetokea Dubai. Cheupe, gia za mkono.

Injini yake sijapata kuona nyingine. Unapanda nacho mlima wa Kinanira kimejaa watu, gia ya pili, hakilalamiki. Mafuta kilikuwa kinanusa tu. Kwenye tope kilipita mahali ambapo magari makubwa yalikuwa yanavutwa kwa kamba.

Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu, stata.

Ulianza polepole. Unazungusha ufunguo, unasikia "ka", halafu kimya. Nikakipeleka Buyenzi kwa fundi Rajabu, tuliyecheza naye utotoni. Akaifungua ile stata, akanionyesha.

"Demareri iko muzima," akasema. "Charbon njo zimekwisha. Mupya utatoa wapi na hii embargo?"

Kwa wasiojua, demareri ndiyo stata, na charbon ni vile vipande vya kaboni vya ndani yake vinavyopitisha umeme. Na embargo ni kwamba wakati huo nchi za jirani zilikuwa zimetufungia mipaka. Petroli ilikuwa inauzwa kwa chupa, kwa kujificha. Spea ya gari ilikuwa kama dhahabu. Rajabu akachonga kaboni za betri za tochi akazipachika mle ndani. Zikafanya kazi siku chache, zikawa unga.

Basi tukawa tunasukuma.

Na hapa niseme ukweli, mwanzoni ilikuwa furaha. Mabasi yalikuwa yanaogopa kufika kwetu, kwa hiyo majirani wengi walikuwa hawana usafiri. Kila asubuhi walikuja wenyewe getini. Alikuwepo Deo, karani wa ghala moja kule Zone Industrielle, eneo la viwanda. Alikuwepo mwalimu Bosco na tai yake, ambayo aliitupa begani kabla ya kuanza kazi. Na wengine wa mtaa. Wanasukuma, naachia klachi, injini inashika, wote wanarukia ndani, tunaenda mjini. Kusukuma ndiyo ilikuwa nauli.

Deo na mwalimu walikuwa wa makabila ambayo kwenye mitaa mingine hayakuwa yanalala jirani tena. Kwangu walichogombania ni upande wa kushoto wa bampa, kwa sababu wa kulia ulikuwa na kutu na unachafua mikono.

Zuhura tulimkataza kusukuma, kwa ajili ya kifua chake. Yeye alisimama barazani na chai yake, anatuchokoza.

"Leo mumekula nini? Mbona gari aiendi?"

Mwalimu Bosco ndiye aliyetangulia kuondoka. Alienda kijijini kumwona mama yake, hakurudi. Hatukupata mwili wala habari. Tulisubiri, tukaacha kuulizana.

Deo aliniaga akiwa ameinama nyuma ya gari. Alisema kesho sitakuwepo. Nikadhani ana udhuru wa siku moja. Kumbe alishapanga kuvusha familia yake kwenda Uvira, ng'ambo ya mpaka. Jirani mwingine akahamia kwa ndugu zake. Mwingine tena nilisikia ameuawa, na nilisikia sokoni, kwa mtu ambaye hata hakuwa anamjua vizuri.

Kila mtu alivipima vita kwa namna yake. Wengine kwa redio, wengine kwa milio ya risasi. Mimi nilivipima kwa uzito wa gari. Kila mwezi lilikuwa linazidi kuwa zito.

Nikatafuta ujanja. Kaka yake Zuhura alikuwa anaishi Kinanira, kule mlimani. Nikawa naliacha gari kwake, pua inatazama chini, na mimi natembea kwa miguu mpaka nyumbani. Asubuhi napanda, naachia breki, linateremka, linawaka. Sikumhitaji mtu. Niliona nimeshinda.

Halafu pumu ya Zuhura ikawa mbaya. Ile dawa ya kuvuta kwa mdomo ilikuwa imeadimika, na ukiipata imekwisha muda wake. Alikuwa analala amekaa. Nikaona haifai mgonjwa awe Kibenga na gari liwe Kinanira. Nikalirudisha nyumbani, liwe karibu naye.

Siku chache baadaye risasi zikaanza kulia kutoka milimani, juu ya Kinanira. Ilikuwa asubuhi. Kabla jua halijawa kali barabara yetu ilijaa watu wenye magodoro kichwani, wanakimbilia katikati ya mji. Dada yangu alipita akamchukua binti yetu Hawa. Zuhura hakuweza kutembea, tukamwambia dada tangulia, sisi tutakuja na gari milio ikipungua.

Milio ilipungua. Lakini kufikia hapo mtaa ulikuwa mtupu kabisa, na Zuhura alikuwa amebanwa vibaya. Midomo imebadilika rangi. Nikamweka kwenye kiti cha mbele, nikaweka blanketi na chupa ya chai, nikazungusha ufunguo.

Ka.

Nikashuka. Nikashika nguzo ya mlango kwa mkono mmoja na usukani kwa mwingine, nikasukuma. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, njia imelowa. Lilisogea kidogo, na kila nilipoliachia ili nirukie ndani, lilisimama. Nilijaribu mpaka miguu ikaanza kuteleza yenyewe.

Nyumba ya mbele yetu ilikuwa na zamu, yaani mlinzi. Nilijua yumo, niliona macho yake kwenye tundu la geti. Nikaenda nikagonga.

"Ndugu yangu, nisaidie nisukume gari. Mke wangu anakufa."

"Mukubwa, siwezi fungua. Patron alisema nisifungulie mutu yeyote."

"Sitaki kuingia. Toka wewe."

Macho yakaondoka kwenye tundu.

"Mi naogopa, mukubwa. Unisamehe."

Huyu mtu alikuwa amewahi kusukuma gari langu mara nyingi tu, na nilishampeleka mjini. Simlaumu. Siku ile nilimtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Niligeuka nikamkuta Zuhura ameshashuka. Amesimama nyuma ya gari, mikono juu ya bampa.

"Mama Hawa, we uko na akili kweli? Rudi ndani."

"Baba Hawa, mi sijui kuendesha. We unajua." Alikuwa anasema neno moja moja, anavuta pumzi katikati. "Panda. Tukikaa apa tunakufa wote."

Nilibishana naye. Kila neno alilonijibu lilikuwa linamla pumzi, nikaona kubishana nako ni kumuua. Nikapanda.

Nilimwona kwenye kioo. Aliinama, kitenge kikaanguka begani, akasukuma. Gari likasogea. Mke wangu mgonjwa alikuwa amelisogeza gari ambalo mimi lilikuwa limenishinda kulirukia. Nikaachia klachi, likashtuka, likazima. Akasukuma tena. Likawaka.

Alitembea mwenyewe mpaka mlangoni. Nilimvuta ndani. Aliniangalia akataka kusema kitu, hakuweza, akanipiga kofi dogo gotini kama mtu anayesema haya, twende.

Kabla ya mjini kulikuwa na barieri, kizuizi cha wanajeshi. Wakasema nizime moteri. Nikawaambia nikizima haiwaki, nina mgonjwa. Yule mwenye amri akasema magari yote yanazimwa ndipo yanapekuliwa. Nikazima. Wakafungua nyuma, wakafunua blanketi, wakanusa chupa ya chai. Hawakuwa wakatili. Walifanya kazi yao kama inavyofanywa, taratibu, na kichwa cha Zuhura kilikuwa kimeegemea kioo.

Walipomaliza, wao wenyewe walisukuma. Vijana wenye nguvu, wengi. Likawaka mara moja.

Nilimsemesha njia nzima. Hospitali muuguzi alifungua mlango wa gari, akamshika shingoni, akaniangalia.

"Papa, uyu amesha kwenda."

Sikuzima gari. Hata pale niliogopa kulizima. Lilibaki linanguruma mlangoni mpaka petroli ikaisha.

Tulimzika siku ile ile, Buyenzi, baada ya swala ya alasiri. Mnajua desturi yetu, jeneza hubebwa kwa kupokezana, kila mtu anataka thawabu ya kutia bega. Watu walikuja wakajaa njia nzima. Majirani wa utotoni, wateja wa duka, Rajabu na mafundi wenzake na mikono yao ya grisi, hata watu nisiowajua. Waligombania kubeba. Mmoja anaingia, mwingine anavutwa nyuma, jeneza linapita juu ya mikono, halina uzito kabisa.

Na mimi nikawachukia. Nasema kweli, wakuu. Nilitembea nyuma yao nikiwahesabia mabega, na moyo umejaa chuki kwa watu waliokuja kunizikia mke. Asubuhi nilikuwa nimetafuta mtu mmoja. Mmoja tu, wa kusukuma hatua chache. Nilijua kabisa hawakuwa na kosa, walikuwa chini ya vitanda vyao kama binadamu yeyote. Kujua hakukunisaidia. Hata leo mtu akinipa pole ya Zuhura, kitu cha kwanza kinachonijia ni swali la alikuwa wapi.

Kigari nilikiuza kwa mtu wa Kinanira. Aliniuliza kuhusu stata nikamweleza. Akasema yeye anaishi mlimani, si shida.

Sasa nimjibu kijana. Mdogo wangu, vigari hivyo vinategemeka. Injini ile haikunisaliti hata siku moja. Nunua. Ila stata ikianza kusema "ka", tengeneza siku hiyo hiyo, na kama nchi haina spea, liegeshe, tafuta baiskeli. Usimsikilize anayekuambia tutasukuma. Atakuwa anasema kwa moyo safi, na atasukuma kweli, mpaka siku ambayo hatakuwepo.

Somo lingine sina. Nimelitafuta miaka yote hii.

Wenye uzoefu na vigari hivi wekeni wenu, mazuri na mabaya, kijana apate picha kamili. Na anayetaka kuniambia ningefanya hivi au vile, naye asisite kuandika. Sidhani kama kuna ambalo sijalifikiria, lakini nitasoma.