Wanaobaki Kwenye Mabenchi

Nilirudi Bariadi kutoka chuoni nikiwa na hakika kwamba ninaijua kasoro ya kanisa letu: watu wanaomkumbuka Mungu mara mbili kwa mwaka. Krismasi wanajaa, Pasaka wanajaa, kisha hawaonekani. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Kutoka kwake Ngulyati hadi mjini si safari ya kumshinda mtu, nami nilikwisha kumhesabu miongoni mwa wavivu wa roho.

Krismasi moja, nikiwa katibu wa vijana, nilipewa kusoma matangazo. Kabla ya baraka ya mwisho tuna desturi ya kuwaomba wageni wasimame na kujitambulisha. Walisimama ndugu wawili kutoka Mwanza, tukawapigia makofi. Hapo nikaongeza maneno ambayo hayakuwemo katika karatasi yangu.

"Na wageni wetu wa Krismasi na Pasaka nao wasimame, tuwafahamu."

Kanisa lilicheka. "Tupo, katibu!" mwanamume mmoja alijibu kutoka nyuma, bila kuinuka. "Na Pasaka utuandike kabisa!"

Ndipo mama akasimama, peke yake.

"Ninatoka Ngulyati," alisema. "Mimi huja sikukuu."

"Kaa, mayu, anatania huyo," jirani yake alimnong'oneza, akimwita mama kwa Kisukuma na kumvuta kitenge. Mama hakukaa. Alinitazama mpaka nikasema ahsante. Karibu na mimbari nilimsikia mtu akiuliza, "Si yule mke mdogo?"

Ndiye. Baba alifunga ndoa kanisani na mke wake wa kwanza. Mama aliolewa naye baadaye, kwa mahari ya ng'ombe, bila ndoa ya kanisa. Kwa sababu hiyo mama haruhusiwi kukomunika. Jambo hilo nimelijua tangu utotoni, na sikuwahi kujiuliza linamfanya nini siku ya Jumapili.

Mchana huo nilimfuata jikoni kwake.

"Mayu, kwa nini ulisimama?"

"Si mtoto wangu aliniambia nisimame?"

"Ulikuwa utani."

Aliendelea kupepeta mchele. "Jumapili za kawaida, watu wakienda kukomunika, tunaobaki kwenye mabenchi ni watatu, wanne. Wanaorudi wanatukagua kama ng'ombe wa mnadani. Krismasi inabaki nusu ya kanisa. Hakuna anayejua nani amebaki kwa dhambi na nani amechelewa kuungama. Siku hiyo nasali vizuri."

Nilikuwa nimesoma mengi juu ya huruma, na niliweza kuyaeleza kwa mpangilio.

Pasaka ilipofika nilisimama mlangoni hadi wimbo wa mwanzo ulipokwisha. Hakuja. Baada ya misa nilipanda bodaboda hadi Ngulyati, nikamkuta shambani akivuna karanga, na kilemba cha kazi kichwani.

"Leo ni Pasaka, mayu."

"Najua."

"Watu walikuwa wengi. Hakuna ambaye angekuona."

Alikung'uta udongo kwenye shina alilong'oa. "Zamani, ndiyo. Sasa hata wakiwa elfu watanitafuta nilipokaa. Uliwaonyesha."

Nilisema ningemwomba padre azungumze na watu, na kwamba mimi mwenyewe ningeomba radhi mbele ya wote.

"Unisimamishe tena?" aliuliza.

Akahamia tuta la pili. Nilivua viatu, nikaanza kung'oa nyuma yake. Hakunikataza, tukaendelea hivyo mpaka tulipomaliza.