Mguu wa Kaka Uliokuwa Baridi

Bado naikumbuka, mwanangu, siku kaka yangu Wanyonyi alipokuja kunitembelea hapa Kitale, akaacha alama za damu kwenye sakafu yangu bila kujua.

Kaka alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe kule Bungoma. Tangu ujana aliwaswaga kwa miguu hadi mnada wa Myanga, na wachache waliuweza mwendo wake. Lakini mwaka huo akitembea kidogo tu, shavu la mguu lilimkaza, akasimama. Akipumzika, maumivu yaliisha. Watu walisema ni uzee, naye akakubali. Sukari alijua anayo, ila dawa alimeza siku akijisikia vibaya tu.

Nilipoiona damu ile sakafuni, nilimvua kiatu. Mwiba ulikuwa umetoboa soli na kuingia kwenye unyayo, na kidole kimoja kimeanza kuwa cheusi.

"Kaka, hii haikuumi?"

"Si ungenisikia nikilia? Haiumi, ndio maana sina wasiwasi."

Nikaushika mguu ule. Ulikuwa baridi, na mwenzake una joto. Hapo nikatafuta gari.

Hospitalini daktari alipapasa mguu upande wa juu, karibu na kifundo, akitafuta mpigo wa damu, akaukosa.

"Mzee, kutouma ndiko kunanitia hofu," alimwambia kwa upole. "Sukari imeua hisia miguuni, tena imesaidia kuziba mishipa inayopeleka damu. Pasipo damu, kidonda hakiponi."

Kaka akanishika mkono. "Watanikata mguu, dada? Nitaswaga ng'ombe na nini?"

Nilikaa naye tu.

Waliuzibua mshipa, kidole wakakikata, mguu ukabaki. Alilia kwa ajili ya kidole hicho, na sikumcheka. Siku hizi wengine wanaswaga, yeye anawangoja mnadani, na bei bado anaipanga yeye.

Basi mwanangu, ukiwa na sukari, meza dawa hata siku unajisikia mzima. Sigara, kama unavuta, iache, maana nayo huziba mishipa. Kila jioni tazama nyayo zako, na usiende pekupeku hata uani. Mguu ukikaza njiani na kuachia ukipumzika, usiuite uzee. Mwambie daktari akupime mpigo wa damu mguuni. Na ukimwona mzazi wako anasimama-simama njiani, usimharakishe. Muulize.

Mungu akutunzie miguu yako, ikufikishe kwa wajukuu wako na kukurudisha nyumbani salama.