Nne Inatangulia Nane

Usiku ule nililala bila kusali, makusudi kabisa. Nilivuta blanketi hadi puani, nikaigeuzia mgongo picha ya Bikira Maria iliyokuwa ukutani, nikamwambia Mungu kimoyomoyo kwamba mimi na Yeye hatusemezani mpaka anipe jibu. Nilikuwa darasa la saba, nikijiandaa kwa sakramenti ya Kipaimara, na nilikuwa na hasira ya kutosha kuchemsha chungu cha makande.

Hasira yenyewe ilianzia kwenye masale. Kwetu, huku kwenye miteremko ya Kilimanjaro, isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mpakani mwa vihamba, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba. Una kazi mbili. Ya kwanza ni kusema hapa ni pangu na pale ni pako. Ya pili ni kuomba radhi: ukimkosea mtu hadi hataki kukuona, unafunga fundo kwenye jani la isale na kumpelekea, na akishalipokea hana budi kukusamehe. Hata mlevi wa kilabuni analijua hilo.

Baba aliyang'oa masale ya mpakani na kuyapanda upya ndani ya kihamba cha jirani yetu Mama Sabina, mjane ambaye watoto wake wote wako mbali. Nilimwona kwa macho yangu, maana asubuhi ile nilikuwa nakata majani ya ng'ombe kando ya mfereji. Mama Sabina alipokwenda kushtaki kwenye baraza la kata, Baba akajitetea kwamba ng'ombe wa mjane ndiye aliyeyang'oa, na kwamba yeye ameyarudisha palepale yalipokuwa tangu enzi za babu. Akaongeza kwamba shahidi anaye. Shahidi mwenyewe ni mimi.

"Kesho utasema ulimwona ng'ombe," aliniambia jioni ile jikoni.

"Baba, mimi sikumwona ng'ombe."

"Amri ya nne inasemaje?"

"Waheshimu baba na mama."

"Na ya nane?"

"Usiseme uongo."

"Ipi imetangulia?"

Mama aliendelea kuchambua maharage kana kwamba hakuna mtu aliyezungumza.

"Ya nne," nikajibu.

"Basi. Mungu si mjinga wa kupanga mambo. Nne inatangulia nane. Na ukibisha, nitakwenda kwa padri mimi mwenyewe kumwambia una kiburi, na Kipaimara utakisikia kwa wenzako."

Kilichoniuma ni kwamba nilikaribia kumwamini. Ndivyo tulivyofundishwa, yeye na mimi, na mtu yuleyule. Mama yake mzazi, Bibi Eufrasia, alikuwa katekista wa kigango chetu tangu Baba akiwa mdogo hadi alipofariki kwenye masika ya mwaka ule. Amri za Mungu alizifundisha kwa namba. Anakunyooshea fimbo na kusema "Saba!", nawe unajibu "Usiibe!" kabla fimbo haijashuka. Mwenzetu mmoja aliwahi kumuuliza kuzini ni nini. Alichapwa, kisha akajibiwa: "Ni ya sita."

Tena alitutisha na kofi la Askofu. Siku ya Kipaimara Askofu akishakupaka mafuta ya krisma kwenye paji la uso hukugusa shavu, na Bibi alituapia kwamba mkono ule unawajua waongo. Shavu safi linasikia kama unyoya wa kuku. Shavu la mwongo linabaki na alama za vidole mpaka Noeli, na picha ya ukumbusho inaharibika.

Mimi nilipewa jina lake, kama ilivyo desturi ya kwetu binti wa kwanza kumrithi mama wa baba. Kwa hiyo wenzangu aliwaita kwa majina yao, ila mimi aliniita "somo". Sikumpenda, na sioni sababu ya kudanganya kwa kuwa amekufa. Siku ya mazishi yake nilitoa machozi kwa sababu nilikuwa nimekaa upande wa moshi.

Ndiye aliyekuja usiku ule.

Nilijikuta nimeketi kwenye benchi la mbele kanisani, mahali tulipokuwa tunafundishwa. Wenzangu wamejaa nyuma yangu, nawasikia wakikohoa, lakini kila nikigeuka naona visogo tu. Kuna harufu ya udongo uliolowa mvua. Bibi anaingia kwa mlango wa sakristia akiwa na kitenge alichozikwa nacho, miguu mitupu, tope hadi kwenye vifundo. Hasalimu. Ananyoosha fimbo.

"Nne!"

"Waheshimu baba na mama!"

"Nane!"

"Usiseme uongo!"

"Nne! Nane! Nne! Nane!"

Anazidi kuharakisha, nami namfuata, ulimi unanikimbia, mpaka nasikia sauti yangu mwenyewe ikipiga kelele kanisa zima: "Usiseme baba! Waheshimu uongo!"

Visogo vyote vikacheka. Hapo nikasimama. Ukiwa macho, huwezi kusimama kumkabili Bibi Eufrasia. Lakini ndotoni nilikuwa na miguu mingine.

"Wewe ndiye uliyetuharibu!" nikamwambia. "Umetufundisha kupiga hesabu ukaiita dini! Mwanao anapima dhambi kwa namba, anasema nne ni kubwa kuliko nane kwa sababu imetangulia. Wewe hukutuambia kitu. Zikigombana, mtu afanyeje? Afanyeje, Bibi?"

Nilitegemea fimbo. Fimbo haikuja, kwa sababu hana fimbo tena, na mabenchi ni migomba, na tuko mpakani kwetu. Amepiga magoti kwenye matope anang'oa masale kwa mikono, moja baada ya lingine, anayarudisha upande wetu. Kucha zake zimejaa udongo. Anahema. Nami sikumsaidia. Nilisimama nimejishika kiuno nikimtazama mzee wa watu akihangaika, na moyoni nikasema, hangaika, ni mtoto wako.

"Baba yako nilimfundisha kuhesabu," akasema bila kuinua kichwa.

"Na mimi je? Somo lako nimelishika lote, kuanzia amri ya kwanza hadi ya mwisho. Halinisaidii!"

Hapo ndipo aliponitazama. Macho yalikuwa yaleyale makali ya darasani, hayakuwa yamelainika hata kidogo huko alikokwenda.

"Somo langu hata kasuku analiweza. Wewe si somo langu. Wewe ni somo wangu."

Nataka kumuuliza maana yake, lakini mtu anaita. Mwenyekiti wa baraza la kata ameketi nyuma ya meza yake, na meza imewekwa palepale kati ya migomba. Baba yuko kwenye kiti cha mbele na koti lake la Jumapili. Mama Sabina ameketi peke yake, mikono mapajani, haangalii mtu. Mwenyekiti anakohoa na kuita shahidi.

"Eufrasia!"

Nikasimama. Bibi naye akasimama.

"Ni mimi," nikasema.

"Ni mimi," akasema Bibi, na matope yake.

"Aseme mmoja," mwenyekiti akaamua, wala hakushangaa.

Baba ananitolea macho. Ninajua ninachotakiwa kusema, ni neno moja tu, na mtu akishalisema yanaisha, anarudi nyumbani, anashonewa gauni jeupe. Nikafungua kinywa nimtaje ng'ombe. Sauti haikutoka kwangu. Bibi Eufrasia, katekista, mwanamke ambaye hata mapadri walivua kofia mbele yake, ndiye aliyenyoosha shingo na kulia kama ng'ombe.

Alilia kwa sauti ndefu, mate yakimchuruzika kidevuni. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Baba naye alicheka. Kumbe hamwoni, hajui anamcheka nani. Nilijaribu kufumba kinywa changu ili anyamaze, lakini kilikataa kufumba, naye akaendelea kulia huku akinitazama mimi, na katika maisha yangu sijawahi kuona aibu kama ile.

Kinywa kilipofumba hatimaye, akajifuta kidevu kwa ncha ya kitenge.

"Kesho wataita jina langu," akasema. "Nimelibeba vizuri. Sasa unalo wewe."

Nikaanza kulia, safari hii bila moshi. Na hata huko kulia kulikuwa kwa hasira, maana niliona ananitwisha mzigo wa mtu mzima, yeye aliyekwisha pumzika. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia: wewe umekufa, wewe hupigwi na Baba, wewe huzuiwi Kipaimara. Tumerudi kanisani tena, kwaya iko kimya, na aliyeketi kwenye kiti cha Askofu ni yeye, na mitra, kofia ya kiaskofu, kichwani, na miguu yake bado ina tope. Mikononi ana jani la isale. Analifunga fundo taratibu, kama anayesuka nywele za mtoto, halafu ananipa.

"Mpelekee baba yako."

"Mimi? Mimi sijamkosea! Yeye ndiye anayetakiwa kumpelekea Mama Sabina!"

"Mpelekee."

"Sitaki! Kwanza nijibu. Nne au nane? Usinizungushe, Bibi, nijibu, nne au nane?"

Akachovya kidole gumba kwenye krisma, akanichora msalaba kwenye paji la uso. Kidole kilikuwa cha baridi.

"Zote," akasema.

Kisha akanizaba kofi. Halikuwa unyoya wa kuku. Lilikuwa kofi la mwanamke aliyelima tangu utoto, na nilisikia, nyuma ya mlio wake, akisema, "Amani kwako, somo wangu."

Niliamka nimekaa kitandani, shavu linawaka. Kumekucha, majogoo wameshachoka kuwika, na jikoni Mama anachochea moto. Bikira Maria yuko ukutani mahali pake. Nilikaa pale nikitukana kimoyomoyo, nikisema mfu gani huyu anakuja kutoa amri nusunusu. Zote, zote vipi? Mtu hawezi kwenda huku na kule kwa wakati mmoja.

Kisha nikakumbuka jani.

Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikapita katikati ya migomba, umande ukanilowesha hadi magotini. Masale yalikuwa palepale Baba alipoyapanda, ndani kwa Mama Sabina, yameanza kunyauka kidogo kwa kuhamishwa. Nikachuma jani moja. Nilifunga fundo, likatoka baya.

Baba alikuwa kibarazani anapaka viatu rangi, koti la Jumapili limetundikwa mlangoni. Nikapiga goti moja mbele yake kama tulivyofundishwa kumheshimu mzazi, nikamnyooshea isale kwa mikono miwili. Mkono wake ukalipokea kabla akili haijauliza, kwa sababu ndivyo mikono ya watu wa kwetu ilivyolelewa.

Akalitazama. Akanitazama shavuni, sijui aliona nini.

"Unaniomba radhi ya nini, Frasia? Hujanikosea kitu."

"Bado, Baba," nikamwambia. "Tukifika barazani."